Mwenyeji aliye tayari

Tanga, Jumapili usiku

Sahibu yangu mpenzi,

Salamu sana. Huku sote wazima, mvua zimeanza, na mama anakusalimu. Barua yako niliisoma usiku uleule ilipofika, na tangu hapo nakujibu moyoni kila asubuhi niendapo shuleni. Leo nimepata nafasi ya kukaa.

Unasema ile barua ya Rais McKinley wa Marekani ya tarehe 7 Aprili 1900, aliyomwandikia Waziri wake wa Vita, Elihu Root, juu ya Tume ya kwenda kutawala Ufilipino, ni barua ya kiungwana. Nimeirudia tena. Kweli maneno yake mazuri. Anawaagiza wateule wake wakumbuke kwamba serikali wanayokwenda kuiunda haikukusudiwa kuwaridhisha Wamarekani, imekusudiwa furaha, amani na ustawi wa watu wa visiwa vile, na kwamba hatua zake zifuate mila na mazoea yao. Waanze na serikali za miji, viongozi wake wachaguliwe na wananchi. Na katika vyeo vikubwa zaidi, mwenyeji atangulizwe mbele ya mtu mwingine yeyote, maadamu kazi anaiweza na yuko tayari kuifanya.

Hapo kwenye "yuko tayari" ndipo nilipokwama. Tayari kwa sharti gani?

Visiwa vile havikuwa vitupu vikingojea watawala. Januari 1899 Wafilipino walizindua jamhuri yao kule Malolos. Walikuwa na katiba, walikuwa na rais wao Emilio Aguinaldo, na waziri mkuu wao wa kwanza alikuwa Apolinario Mabini, mwanasheria aliyepooza miguu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Marekani na Hispania, iliyokuwa ikivitawala visiwa vile, zilikwishatiliana mkataba Paris, visiwa vikakabidhiwa Marekani kwa dola milioni 20, na hakuna Mfilipino aliyeketi kwenye meza ile. Vita vya Wafilipino na Wamarekani vikafuata. Sasa niambie, kama ni uwezo, nani alimzidi Mabini? Lakini Mabini alikataa kula kiapo cha utii kwa Marekani, na Januari 1901 Wamarekani wakamhamishia kisiwa cha mbali cha Guam. Mtu asiyeweza kutembea wakamvusha bahari yote ile! Kazi aliiweza. Kukiri kwamba nchi ni ya mwingine, hapo ndipo alipokuwa hayuko tayari.

Wateule wa McKinley walikuwa watano, wote Wamarekani. Mwenyekiti wao, William Howard Taft, alikuwa jaji kutoka Ohio, na alimweleza rais waziwazi kwamba yeye hakupenda Marekani ivichukue visiwa vile. Akaenda hata hivyo. Walifika Manila Juni 1900, Septemba wakaanza kutunga sheria, na tarehe 4 Julai 1901 Taft akaapishwa kuwa gavana wa kiraia. Miezi miwili baadaye Wafilipino watatu wakaingizwa katika Tume: Pardo de Tavera, Legarda na Luzuriaga. Watatu kwa watano, na idara zote zikabaki mikononi mwa Wamarekani. Ile ahadi ya kumtanguliza mwenyeji iliishia hapo walipoanza kugawana kazi zenye nguvu.

Sitakuficha lakini kilichonigusa. McKinley alipouawa, Roosevelt akashika urais, naye akamtaka Taft arudi Washington awe jaji wa Mahakama ya Juu, cheo ambacho Taft alikitamani maisha yake yote. Akajibu kwamba kazi haijaisha. Roosevelt akashikilia. Januari 1903 watu wa Manila wakaandamana hadi ikulu ya Malacañan, mabango yao yameandikwa kwa Kihispania kwamba tunamtaka Taft. Rais akakubali kushindwa, akamwacha abaki, na kiti kile cha ujaji akapewa William Day. Nilisoma habari hiyo mara mbili, moyo umelainika, nikawaza pengine wewe ndiye uliyeona sawasawa.

Kisha nikatazama tarehe. Siku waliyokuwa wakimwomba Taft abaki, Mabini alikuwa bado Guam. Alirudi Februari, baada ya kukubali kiapo, na Mei kipindupindu kikamchukua, hajatimiza miaka 39.

Mwenzangu, najua babu yako alikuwa mudiri, ofisa wa utawala, Pemba enzi za Mwingereza, na najua jinsi unavyoumia mtu akiwaita watu wa namna ile vibaraka. Mimi sijawahi kumwita hivyo na sitamwita. Aliamua kesi za mikarafuu ya watu kwa haki, wazee wa kule bado wanamtaja. Wala Tavera simtukani. Ninachokataa ni kuisifu barua iliyowaweka watu mbele ya mlango ule wa kiapo, wengine waingie, wengine wavushwe bahari, halafu ikajiita ya heri kwa wote.

Nimejaribu kujiweka mahali pa Mabini ile Februari, meli imetia nanga Manila, karatasi ya kiapo iko mbele yangu na nyumbani napaona kwa macho. Sijui ningefanya nini. Wewe ungeapa? Niandikie unavyoamini kweli, usinijibu kwa ajili ya kunishinda.

Wasalimie shemeji na watoto.

Nduguyo wa dhati