Risala ya Klabu ya Historia na Uraia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, wazazi na wageni waalikwa: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa dhati kuacha majukumu yako mazito ukaja kuketi nasi.

Klabu hii ilianzishwa na wanafunzi waliotaka kujua mikataba iliyoizaa nchi yetu. Tulianza na Chifu Mangungo wa Msovero, Usagara, aliyetia alama kwenye mkataba wa Mjerumani Karl Peters, aliyekuja kutafuta koloni, Novemba 1884 akiwa hajui kusoma Kijerumani. Februari 1885 Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akatoa hati ya kuilinda Usagara. Tukapita mwaka 1890, Wajerumani walipopewa kisiwa cha Heligoland huko Ulaya, na Waingereza wakaichukua Zanzibar chini ya himaya yao. Tukafika kwenye Hati za Muungano, walizosaini Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeshika nafasi ya pili katika mdahalo wa kata, na sasa jina la shule linavuma wilaya nzima. Mada ilikuwa: je, mkataba uliosainiwa na mkoloni waweza kumpeleka Mtanzania kushtakiwa ng'ambo? Tulieleza kwamba mwaka 1961 Mwalimu alitangaza mikataba ya nchi mbili tuliyorithi itaheshimiwa kwa miaka miwili, tukiamua upi ubaki. Ule wa Uingereza na Marekani wa mwaka 1931, wa kurejesheana watuhumiwa, ulibaki. Tukaeleza pia Ibara ya 63 ya Katiba, inayolikabidhi Bunge kazi ya kuridhia mikataba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa hili moja: maktaba.

Hati za Muungano tunazosomea ni fotokopi moja. Kona zimeliwa na mchwa, na ukurasa wa mwisho umefifia hata saini hazionekani. Inahifadhiwa kabatini kwa mwalimu wa zamu. Akiwa safarini, klabu haisomi. Mkataba wa 1931 hatujawahi kuuona kwa macho, tulisimuliwa tu. Inatuuma kwamba watoto wa nchi ya Mangungo bado wanaelezwa na wengine yaliyomo katika mikataba inayowafunga.

Boma la maktaba unaliona pale nyuma ya jukwaa. Wazazi walichanga tofali na saruji, likafika linta. Mgeni rasmi wa mahafali yaliyopita, tunayeendelea kumheshimu, aliahidi mabati hapa hapa, tukampigia makofi na picha zikapigwa. Aliyemtangulia aliahidi mbao. Tumeandika barua, tumejibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Masika mawili yameshalinyeshea boma, na ukuta wa upande wa mashariki umeanza kupasuka. Wazazi tukiwaomba mchango sasa wanatuuliza ule wa kwanza umefanya nini.

Hivyo tunaomba mbao na mabati ya kuezekea, rafu, na nakala za Kiswahili za Katiba, Hati za Muungano na mikataba iliyoridhiwa na Bunge. Pale ambapo tafsiri haipo, tunaomba utusemee itafsiriwe.

Kwa heshima zote, tunaomba ahadi yako iandikwe leo, iwe na tarehe, na isainiwe mbele ya wazazi. Katibu wetu ameshaandaa karatasi na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.