Yavuyavu hahifadhiwi kwa spiriti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze walimu wa baiolojia wa pwani kwa nini yavuyavu, mnyama laini wa baharini, huharibika upesi katika maabara zetu.

Tatizo huanzia kwenye dhana kwamba mnyama huyu ni maji matupu. Ni kweli maji ni zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake, lakini yameshikwa na nyuzi nyembamba za kolajeni, aina ya protini, yakawa rojo. Rojo hiyo, iliyo kati ya ngozi ya nje na utando wa tumbo, huitwa mesoglia, nayo humfanyia kazi ya mifupa. Misuli ya yavuyavu hubana tu mwavuli, yaani mwili wake wenye umbo la mwavuli; haiwezi kuufungua. Mesoglia iliyobanwa ndiyo inayoutanua tena. Nyuzi zikikatika, umbo limekwisha.

Spiriti hufyonza maji, mwavuli ukasinyaa na kukunjamana. Kugandisha ni kubaya zaidi: chembe za barafu huchana nyuzi, na akiyeyuka hubaki ute. Maji ya bomba nayo hupasua seli zilizozoea chumvi.

Tumieni fomalini, dawa ya kuhifadhia viumbe. Changanyeni sehemu 1 ya fomalini ya madukani (asilimia 37 hadi 40 ya fomaldehaidi) na sehemu 9 za maji ya bahari yaliyochujwa. Mchoteni yavuyavu kwa ndoo akiwa ndani ya maji, kwa kuwa wavu humchana. Msimshike kwa mkono mtupu. Minyiri huwasha hata akiwa amekufa. Asizidi robo ya mtungi. Wengi hukosea hapa: maji ya mwilini mwake huzimua dawa, naye akaoza ndani ya fomalini. Baada ya siku chache wekeni mchanganyiko mpya.

Nasisitiza usalama. Fomalini husababisha saratani na mvuke wake huunguza macho. Mwalimu aifanye kazi hii mwenyewe, kwa glavu na miwani, madirisha yakiwa wazi. Wanafunzi wapewe mtungi uliokwisha kufungwa. Mchanganyiko wa zamani usimwagwe baharini. Uwekwe kwenye chombo chenye lebo.

Shule isiyo na fomalini imtazame akiwa hai, ndani ya ndoo ya maji ya bahari iliyowekwa kivulini. Wanafunzi watazame jinsi mwavuli unavyobanwa haraka na kufunguka taratibu: kubana ni kazi ya misuli, kufunguka ni kazi ya mesoglia. Kipindi kikiisha, arudishwe baharini kabla maji hayajapata joto.

Mwalimu wa baiolojia,
Tanga