Glavu zako za buluu

Kasarani, Nairobi
Jumapili jioni

Mama Imani, dadangu,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na Imani na Baba Imani. Huku sisi wazima, ila maji yamekatika tangu Alhamisi, na midomo yangu imebabuka kwa jua na upepo hadi uji nakunywa kwa kijiko. Hiyo midomo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Nimetoka Mlima Kenya.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Mwaka mmoja na miezi mitano, nimehesabu. Mara tatu nimekuandikia ujumbe kwenye simu nikaufuta, kwa sababu kila nikiusoma ulikuwa kama wa mtu anayetaka kukopa. Mama Shiru naye amechoka kubeba salamu zetu nusunusu. Kijana wa Fundi anapanda treni kuja huko Ijumaa, basi nikasema potelea mbali, hii ataibeba mkononi.

Safari hii tulipitia Chogoria, ile njia uliyokuwa ukiitaka tangu mwanzo. Ulikuwa na haki, dadangu. Matatu hadi Chogoria mjini kupitia Embu na Chuka, kisha Land Rover kuukuu kama kilomita 30 msituni, matope mekundu, halafu mianzi pande zote hadi usijue kama ni mchana. Usiku wa kwanza tulilala pale kwenye lango la hifadhi, mita 2,950. Nyati walikuwa wakilisha nje ya vibanda na Fundi hakutoka kwenda chooni hadi kulipopambazuka.

Kesho yake ndipo nilipoharibu. Tulipanga tulale karibu na Ziwa Ellis, siku ya tatu ndiyo tupande hadi Hall Tarns. Lakini tulifika Ellis mapema, mbingu nyeupe peee, miguu ina nguvu kwa sababu tangu Oktoba nilikuwa Ngong kila Jumamosi, napanda na kushuka vile vilima hadi Kona Baridi. Nikasema twende moja kwa moja. Kiongozi wetu, mzee mmoja wa Chuka, alisema ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 au hapo karibu. Mimi nikasema mimi mzima. Mimi ndiye niliyeshinikiza, na wengine wakanifuata.

Mama Imani, ile njia ya ukingoni juu ya bonde la Gorges, laiti ungeiona. Unatembea, mara ardhi inakatika miguuni pako, na chini kabisa Ziwa Michaelson limelala jeusi kama jicho. Lobelia zimesimama kama watu walioitwa mkutanoni. Hall Tarns zenyewe ni vidimbwi juu ya mwamba, na asubuhi kingo zake zina barafu. Nilipokuwa nikiviangalia kichwa kilikuwa kimeshaanza, lakini sikumwambia mtu.

Sikumwambia mtu pia kwa nini nilitaka njia ile. Wenzangu walidhani nataka kile kilele cha Lenana tena. Nilitaka Simba Col tu. Lile pengo liko mita 4,620 hivi, na ukilivuka ukashuka upande wa pili unatokea wapi? Shipton's, kambi yetu ya safari ile. Nilitaka nifike pale kwa mlango wa nyuma, nikae kwenye lile jiwe mbele ya banda, peke yangu, nifikirie niliyokuambia.

Unayakumbuka, najua. Mimi nayakumbuka neno kwa neno. Ulikuwa umetapika mara mbili nyuma ya banda, ukasema kichwa kinapasuka, unataka kushuka. Nikakuambia mbele ya wote, wapagazi wanasikia, kwamba kama hukuwa na kifua cha mlima ungebaki Mombasa, usituharibie safari tuliyoichangia mwaka mzima. Hukunijibu. Ulivua glavu zako za buluu ukanipa kwa sababu zangu zilikuwa zimelowa, ukawasha tochi, ukashuka usiku ule na yule mpagazi mfupi. Nikaenda Lenana na glavu zako mikononi. Ile picha niliyoituma kwenye kundi la chama, nimeinua mikono, ni glavu zako zile. Hukuandika neno.

Basi sikiliza sasa. Saa kumi alfajiri tuliondoka Hall Tarns kuelekea Simba Col. Changarawe, hatua moja mbele nusu nyuma, baridi ya kukata masikio, maji ya chupa yameganda mdomoni. Kichwa kilikuwa kikigonga kama mtu anayetwanga njugu. Nikatapika chai. Nikafuta mdomo, nikaendelea. Baadaye tochi za walio mbele zikawa mbili mbili. Nilitaka kufunga kamba ya kiatu na vidole havikujua kamba ni nini. Wakati ule nilipoinama... hiyo nitakuambia tukionana.

Mzee alinisimamisha. Akachora mstari kwa fimbo kwenye changarawe, akaniambia nitembee juu yake, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu nikaenda kando kama mlevi. Pengo lenyewe naliona, mbingu imeanza kuwa na rangi ya chungwa nyuma yetu, labda nusu saa tu. Nikamwambia nusu saa tu, mzee. Akasema, "Mama, tunashuka." Nikaanza kulia. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akaubeba mkoba wangu mgongoni juu ya wake, akawaambia wengine waendelee na mpagazi anayeijua njia.

Hakunigombeza, Mama Imani. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiwaza njia yote ya kushuka.

Tulipofika chini karibu na maporomoko ya Nithi kichwa kilikuwa kimepungua, na nikaona njaa, njaa kabisa ya kutaka ugali. Tukakaa. Nikamuuliza kuhusu rafiki yangu aliyeugua Shipton's. Akaniuliza alitoka wapi. Nikasema Mombasa. Akaniuliza alilala wapi na wapi kabla ya hapo. Nikahesabu kwa vidole: Nairobi usiku mmoja, kambi ya Old Moses mita 3,300 usiku mmoja, kisha Shipton's mita 4,200. Akatikisa kichwa akanyamaza, na mimi nikaona aibu hata mbele ya ndege. Ulitoka usawa wa bahari, na usiku wa tatu tukataka ulale mita 4,200. Hewa unayovuta kule juu ina nguvu inayozidi kidogo nusu ya ile ya Mombasa. Mimi nilikuwa na maisha yangu yote hapa Nairobi, mita 1,700 bila kufanya lolote, nikajiona shujaa. Na mzee akasema ugonjwa ule wa mlimani hauangalii kifua wala mazoezi, humkamata hata kijana mkimbiaji, na dawa yake ya kweli ni kushuka. Ulifanya jambo lililo sawa, usiku, ukiwa mgonjwa, na watu wakikutazama vibaya. Mimi nilipopelekwa kushuka nilibembelezwa na kushikwa mkono.

Naomba msamaha. Sitaki kuandika mengi hapo kwa sababu nikiandika mengi nitaanza kujieleza, na sina la kujieleza. Nilikosea, na nilikosea mbele ya watu. Jumamosi ijayo chama kinakutana kwa Mama Shiru, nitasema mbele ya hao hao. Wale waliovuka walinitumia picha wakiwa Shipton's, na lile jiwe linaonekana pembeni, pimbi wawili wamekaa juu yake wakisubiri chapati.

Mambo mengine: yule mrefu wa Umoja ameoa, utadhani ni hadithi. Gikomba mitumba ya makoti mazito imepanda bei, lakini nimepata buti nzuri saizi yako, nimeziweka.

Sasa niambie wewe. Imani yuko darasa la ngapi, na lile jino lilitoka? Mgongo wa mama unaendeleaje? Bado unaogelea pale alfajiri kabla ya kazi? Kichwa kilikuuma siku ngapi baada ya kushuka, na yule mpagazi alikufikisha vizuri? Sikuwahi kukuuliza hilo. Ulikula nini usiku ule? Na likizo ya Agosti una siku ngapi? Ukiweza kuja mapema ulale kwangu juma zima, tupande Ngong polepole, halafu Chogoria kwa siku tano, Ellis tulale, hata siku mbili ukitaka. Ukisema tushuke tutashuka, hata tukiwa hatua kumi chini ya Simba Col. Na kama hutaki kuuona mlima tena, nije mimi Mombasa Pasaka? Baba Imani atanipokea?

Glavu zako zimo kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua hii. Nimezifua mara mbili. Ile ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, nimeishona kwa uzi mweusi, wa buluu sikuupata.

Ni mimi,
Anti yake Imani