Barua kwa mwanangu: jozi ipi ya vijana itafika mbali

Mwanangu Shabani,

Barua yako imefika, na mama yako kaisoma kabla yangu. Sote tu wazima. Bibi yako anauliza mnafunga shule lini, maana anakuwekea korosho na wadogo zako wanazichungulia kila siku.

Umeniuliza swali moja, ukanisihi nisizunguke: kati ya jozi za vijana zinazochipukia kwenye mpira wa vinyoya, yaani badminton, wanaume wawili wawili, ipi itasimama juu kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028? Wewe umewachagua Waindonesia, Raymond Indra na Nikolaus Joaquin. Mimi nawachagua Wachina, Chen Boyang na Liu Yi.

Nianze na wako, kwa sababu hukuchagua vibaya. Mwishoni mwa mwaka 2025 walitwaa Australian Open kule Sydney, na fainali waliwafunga kaka zao wa timu ya taifa, Fajar Alfian na Muhammad Shohibul Fikri, jozi iliyokuwa imeshinda China Open mwaka huohuo. Mtu hawafungi wale kwa kubahatisha. Mikono yao sina wasiwasi nayo hata kidogo. Wasiwasi wangu uko nyumbani kwao. Kwenye Olimpiki nchi haiingizi zaidi ya jozi mbili, na Indonesia ina jozi nyingi nzuri kuliko nafasi. Juu ya hilo, makocha wa huko hawaoni tabu kuvunja jozi na kuunda nyingine. Unawakumbuka Leo Rolly Carnando na Daniel Marthin? Mabingwa wa dunia wa vijana mwaka 2019 kule Kazan. Wakashinda Indonesia Masters mwaka 2023, wakarudia 2024, mbele ya watu wao. Mwaka huohuo wa 2024 wakatenganishwa. Leo akapewa Bagas Maulana, wakafika fainali ya All England 2025, yale mashindano makubwa ya Uingereza, kwa hiyo siwezi kusema aliharibikiwa. Lakini miaka ile yote ya kuzoeana na Daniel, kila mmoja akijua mwenzake atasimama wapi bila kutazama nyuma, haikuhamia kwa mtu mwingine.

Sasa Chen na Liu. Nataka urudie kuitazama nusu fainali yao ya mashindano ya dunia, Paris, Agosti 2025, dhidi ya Wahindi Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty. Satwik ndiye mwenye smashi, lile pigo kali la kushusha kinyoya chini, iliyopimwa kwa kasi kubwa kuliko zote za wanaume, kilomita 565 kwa saa, ilipimwa Japani mwaka 2023. Mkono ule ule ulikuwa uwanjani siku hiyo, na vijana hawa wakashinda kwa seti tatu, ya mwisho 21-12. Inawezekanaje? Ni kwa sababu smashi huhitaji kinyoya kilichoinuliwa. Anayeanzisha, yaani anayepiga pigo la kwanza la kila pointi, halazimiki kuogopa nguvu ya mtu. Analazimika kukipitisha kinyoya juu ya wavu kikiwa chini kadiri inavyowezekana, kwa maana sheria inamtaka akipige kikiwa hakijazidi mita 1.15 kutoka sakafuni. Mpokeaji naye anakivamia. Katika mapigo matatu manne ya kwanza inajulikana nani atalazimika kuinua, na anayeinua ndiye anayepigwa. Usifuate kinyoya unapotazama. Tazama miguu ya yule aliyepo mbele, na mahali raketi yake ilipo kabla mpinzani hajapiga. Ukiitazama seti ya mwisho namna hiyo utaona ninachokipenda kwa Chen na Liu.

Fainali walipoteza, na walizidiwa waziwazi, 17-21 na 12-21, kwa Wakorea Kim Won-ho na Seo Seung-jae. Sioni aibu kwao. Mwaka 2025 Kim na Seo walishinda Malaysia Open, All England, Indonesia Open na ubingwa wa dunia, na mengine zaidi. Hao ndio kipimo. Kijana yeyote anayetaka dhahabu ya 2028 lazima ajibu namna ya kuwatoa hao.

Najua utaninasa hapa. Utasema: baba, si na hao walipangwa upya? Ni kweli. Waliwahi kucheza pamoja wakiwa wadogo, wakatenganishwa miaka, wakarudishwa pamoja mwanzoni mwa 2025. Lakini angalia walirudi wakiwa watu gani. Seo alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia mwaka 2023 kwa wanaume wawili na kwa mchanganyiko, yaani mwanamume na mwanamke, yote katika mashindano mamoja. Kim alikuwa ametoka na medali ya fedha ya mchanganyiko Olimpiki ya Paris, na katika nusu fainali yake alitapika uwanjani seti ya tatu, akarudi, akashinda 23-21. Aliyekuwa upande wa pili wa wavu siku ile ni huyohuyo Seo! Watu wazima wa mchezo huo unaweza kuwapanga upya. Vijana ambao bado wanajifunza kusimama, hapana. (Mama yake Kim, Gil Young-ah, alichukua dhahabu ya mchanganyiko Atlanta mwaka 1996. Kila nikimwona kijana yule nafikiria huyo mama anavyokaa mbele ya televisheni.)

Man Wei Chong na Tee Kai Wun wa Malaysia, waliotwaa Indonesia Masters 2025, ni wazuri, ila nawaona wapo nyuma ya Aaron Chia na Soh Wooi Yik nchini kwao. Ndugu wa Kifaransa, Christo na Toma Junior Popov, nawapenda kwa moyo wote, lakini Christo ni mchezaji mkubwa wa mmoja mmoja, na mwili ni mmoja.

Halafu usinitajie nafasi kwenye viwango vya dunia kama ushahidi. Marcus Gideon na Kevin Sukamuljo walikaa namba moja miaka, na mimi sijaona mikono kama ya Kevin pale mbele karibu na wavu, ila walistaafu bila ubingwa wa dunia wala medali ya Olimpiki. Lee Yang na Wang Chi-lin wa Taiwan, ambao wengi hawakuwapigia debe, wana dhahabu mbili, Tokyo na Paris, ile ya pili kwa 21-19 seti ya tatu. Kwa hiyo naweka Chen na Liu mbele, Raymond na Joaquin wa pili, kwa sharti kwamba hawatatenganishwa.

Kuhusu mwalimu wenu kutaka kukuhamishia kwa mwenzio wa kidato cha sita mwenye smashi kali: mweleze kwa adabu kwamba ungependa kumaliza mwaka na Juma, mwenzako wa sasa. Mwambie pia sababu, uzitaje moja moja, asidhani unampinga. Akikataa, mtii na ucheze kwa bidii.

Nimekutumia kwa basi la Alhamisi kopo moja la vinyoya vya nailoni na nyuzi za raketi. Vile vya manyoya halisi viache hadi siku ya mashindano, mazoezini vinakwisha upesi na bei yake unaijua. Fanyeni na Juma zoezi la kuanzisha kila jioni kabla ya kupiga kingine chochote, mmoja aanzishe na mwingine avamie, kisha mbadilishane. Na uniandikie ukishaitazama ile nusu fainali. Nataka kujua kama bado utang'ang'ania Waindonesia wako.

Baba yako