YAH: MALALAMIKO KUHUSU MABOMBA YA INTAKULA MLIYOFUNGA KWENYE SUBARU YANGU

Meneja Mkuu,
Tawi la Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru simu yangu ya juzi ilipokelewa, ingawa aliyeipokea aliniacha nasikiliza muziki mpaka salio likaisha.

Kadi ya kazi mnayo na masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Nililipia mabomba ya kupitisha upepo wa tabo, ile pampu ya kuisukumia injini upepo, kwenye intakula ya kuupoza: mabomba ya alumini ya inchi mbili na nusu, mipira ya silikoni na klipu pana za kukaza kwa bolti. Nilichofungiwa kwenye kiungo cha bomba linalotoka kwenye tabo ni klipu nyembamba ya bisibisi, ile ile inayobana mpira wa gesi jikoni. Na mdomo wa bomba mmeukata kwa msumeno mkauacha hivyo hivyo, hauna hata ukingo uliotunishwa wa kuuzuia mpira usichomoke. Tabo ikifika presha ya bar 1 upepo wote huo unasukuma kiungo kutoka ndani, na bomba lenyewe lina utelezi wa oili. Mlitegemea likae?

Lilichomoka kwenye mlima wa Kimara, jioni, foleni nyuma yangu. Mlio mmoja kama tairi limepasuka, nguvu zikaisha, moshi mweusi ukawafunika watu wa bodaboda waliokuwa wanapita pembeni. Sensa ya upepo ya injini ilishahesabu upepo ulioingia, kompyuta ya gari ikamwaga petroli ya upepo huo, kumbe upepo wenyewe umeishia barabarani. Fundi wenu analijua hilo. Kama halijui, asiguse gari lenye tabo.

Lakini klipu peke yake isingenifanya niandike barua. Nilimwekea msimamizi wenu wa gereji klipu hiyo juu ya kaunta, nikamwomba kwa heshima aitazame. Hakuitazama. Aliisukuma kwa kidole ikadondoka sakafuni, akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye viti vya wateja: "Mzee, hii mashine siyo ya umri wako. Iuze, ununue IST." Vijana wake wakacheka. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale pale.

Na ni huyu huyu ambaye kabla ya Kimara, nilipomletea gari linakosakosa na linakunywa mafuta, aliniambia petroli ya mjini ni chafu, akaniuzia plagi nne. Plagi! Za zamani zilikuwa nyeusi kwa sababu kiungo chenu kilikuwa kinavuja tangu wakati huo. Kujaza upepo wa kompresa kwenye njia ya tabo na kupaka maji ya sabuni si kazi ya nusu siku. Fundi wa chini ya mwembe kule Kimara alirudishia bomba, akapima, povu likachemka mahali pale pale mlipofunga ninyi. Yeye hana kiyoyozi wala kaunta.

Nilikuja siku ile nataka klipu sahihi na mdomo wa bomba utunishwe, basi. Ningewapa na asante.

Sasa hebu nirudie, maana nikiikumbuka silali. Aliisukuma kwa kidole. Ikadondoka, ikabingirika mpaka kwenye pindo la kanga ya mama mkwe. Mama wa watu, mwenye goti bovu, akainama kuiokota, akaipangusa, akanikabidhi: "Shika, Baba Zuhura, twende zetu." Wanacheka bado. Msimamizi wenu alikuwa ameshageukia simu yake. Hakusema hata "pole, mama".

Kwa hiyo klipu sizitaki tena. Nataka Sh 1,850,000 zangu zote, pesa ya plagi, na pesa ya brekdauni. Nataka pia injini ipimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, kwenye gereji nyingine nitakayochagua mimi, kwa gharama yenu, kwa sababu petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda na sijui mmeniachia nini humo ndani. Msinitajie punguzo. Na huyo msimamizi amwandikie mama mkwe barua ya kuomba radhi, kwa mkono wake, na saini yake.

Nawapa siku saba. Zikipita, faili linakwenda Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kutoka hapo mahakamani. Risiti ya EFD ya mabomba ninayo. Ya plagi hamkunipa; nadhani TRA nao watapenda kujua kwa nini.

Klipu na bomba viko kwangu. Msimtume mtu kuja kuvichukua.

Mteja wenu,
(jina, namba ya gari na simu viko kwenye kadi ya kazi)

Nakala: Mwanasheria wangu.