Aksanti kwa fundi wa Ndosho

Ndugu fundi, wewe uliyenikuta Ndosho, mtaa wa mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Sake, gari langu likitetemeka na kutaka kuzimika kila nilipoachia pedali ya mafuta, pokea shukrani zangu hadharani, kwa kuwa uliondoka kabla sijakuuliza jina.

Wengine walikuwa wameshanishauri ninunue pampu mpya ya mafuta. Wewe ulianza na kichujio cha hewa, ukakitikisa likamwagika vumbi jeusi la mawe ya volkano, kisha ukafungua mlango wa hewa wa injini na kunionyesha masizi yaliyoganda ukingoni mwake. Ulinieleza kwa subira kwamba pedali isipokanyagwa, mlango huo hubaki karibu kufungwa kabisa, hewa hupita katika upenyo mwembamba, na kwa hiyo hata utando mdogo wa uchafu hutosha kuvuruga uwiano wa hewa na petroli, ilhali gari likiwa mwendoni kasoro hiyo haionekani sana. Uliusafisha kwa dawa ya kabureta na kitambaa laini. Lakini kihisi cha hewa, kile kinachopima hewa iingiayo injini, ulikataa kukigusa, ukisema waya wake ni mwembamba mno, na uangalifu huo ndio ulionifanya nikuamini. Nozeli nazo uliziosha, maana moja ilikuwa ikidondosha petroli badala ya kuinyunyiza.

Injini sasa inazunguka kwa utulivu. Malipo uliyokubali yalikuwa madogo kuliko kazi yako. Mimi hupita hapo kila asubuhi nikipeleka mboga sokoni, tafadhali nisimamishe nikukamilishie.