Mbegu zenu za maharage zimekuja na ugonjwa, msisingizie vidukari

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi bosi. Mimi nalima maharage huku Karatu, msimu huu nilichukua kwa wakala wenu kilo 40 za mbegu ya njano, risiti ninayo na mifuko yenye namba ya loti sijaitupa. Nilishapiga simu kulalamika kwamba maharage yanaumwa, dada wa huduma kwa wateja akanijibu hao ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, ninunue ile dawa yenu nipulizie kila wiki, yaani niwaongezee tena hela juu ya hasara!

Sasa nielewe vizuri. Haya maharage yametoka ardhini yakiwa yanaumwa. Majani ya mwanzo kabisa yamejikunja kwenda chini, kijani imeng'ang'ania kwenye mishipa, pembeni njano, miche imedumaa, na yenye ugonjwa imetawanyika shamba zima moja hapa moja kule, wakati huo kidukari hata wa dawa humuoni. Jirani tuliyepakana naye alipanda wiki ile ile mbegu ya kampuni nyingine, yake yakaota safi, mpaka baadaye vidukari walipokuja ndio wakaanza kuutoa ugonjwa kwangu kuupeleka kwake, na lawama napewa mimi.

Bwana shamba kaja kaangalia akasema hii batobato, virusi vyake vinakaa ndani ya mbegu yenyewe, ikiota mche unazaliwa navyo. Kidukari ni msambazaji tu, akidunga jani linaloumwa sekunde chache keshabeba, akirukia mche mwingine akaonja kidogo keshaambukiza, hiyo dawa yenu itamuua ndio ila kazi keshaimaliza. Na mmea ukishaingiwa na virusi hakuna dawa ya kuutibu, ni kung'oa. Sasa mnaposema nipulizie kila wiki mnaniuzia nini hasa?

Nimeng'oa, lakini ukifuata kung'oa kila mgonjwa unabaki na udongo. Yaliyobaki yamebeba maganda ya kuhesabu, punje zimesinyaa, hata kuweka mbegu siwezi maana msimu ujao ntapanda ugonjwa ule ule. Mtu anaacha maharage ya sokoni ya bei rahisi anakuja kununua ya mfuko kwa ajili gani kama sio kukwepa hili?

Nataka hela ya mbegu yote irudi, na iwe hela, sio vocha ya dawa. Halafu hiyo loti itoeni madukani, juzi tu nimeikuta mjini bado inauzwa, na mniambie lile shamba mlikozalishia lilikaguliwa lini na miche yenye batobato ilifanywaje, hayo mnatakiwa mnayo kwenye mafaili. Punje kiasi nimezitunza, nisipopata jibu la maandishi kabla watu hawajaanza kununua mbegu za msimu mwingine nazipeleka TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wazipime.

Mkipiga simu pigeni mchana, jioni huku mtandao unasumbua.

Mteja wenu, Karatu